Jiwe la Kutelezea

Pale Mandewa hakuna aliyeutaka uwanja wa watoto kama Bibi Damari, na hakuna aliyekaribia kuuzuia kama yeye.

Sababu ya kuutaka ilikuwa mjukuu wake, Rebeka. Mwaka juzi, likizo ya mwezi wa sita, Rebeka na wenzake walikuwa wakicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, katikati ya barabara ya mtaa, maana pengine pa kuchezea hapakuwapo. Bodaboda ikatokea kwenye kona imebeba gunia la vitunguu. Dereva akakwepa huku, mtoto naye akakimbilia huku huku. Mguu wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo.

Mguu ulipona, kwani mifupa ya mtoto ni mibichi, haikawii kuunga. Kilichokataa kupona ni moyo. Tangu siku alipofunguliwa hogo, ile plasta ya mguuni, Rebeka hakutoka tena nje ya geti ila kwenda shule, tena ameushika mkono wa bibi yake kama kipofu. Akirudi, hukaa barazani akisikiliza kelele za wenzake zikipita upande wa pili wa ukuta. Mama yake alikuwa na kazi Dodoma, akija mara moja kwa mwezi, na kila alipokuja aliuliza, "Mama, mtoto anacheza?"

Jambo hilo lilimwuma kwa namna yake, kwa sababu yeye Damari alikulia hapo hapo Mandewa, na katika utoto wake hakujua geti ni kitu gani.

Enzi hizo Mandewa haikuwa mji. Ilikuwa mashamba ya uwele na mtama, na nyumba za tembe zilizokaa mbalimbali, moshi wa hii hauifikii ile. Watoto walichunga ndama, na ndama walikuwa kisingizio tu. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye jiwe. Singida ina mawe mengi, mengine makubwa kuliko nyumba, lakini lile lilikuwa na bahati yake. Lilijilaza kama ng'ombe anayecheua, na ubavu mmoja ulishuka taratibu hadi chini, laini, unang'aa. Haikuwa mvua iliyoling'arisha. Lilikuwa limesuguliwa na makalio ya watoto, na ya baba zao kabla yao, na ya babu zao. Katikati kulikuwa na mfereji mwembamba kabisa, ambao mtoto akikaa tu unampokea kama mama anavyompokea mwana mgongoni.

Damari aliteleza hapo na Stumai, binti wa Mzee Athumani aliyekuwa na duka la chumvi na vitambaa. Kila Idi Kubwa, baba yake Stumai alipochinja, wasichana wale wawili waliomba kipande cha ngozi, wakaianika, wakaikunja, na wakaitumia kukalia mwaka mzima. Stumai alikaa mbele, Damari nyuma amemkumbatia kiunoni, na upepo wa Singida, ambao haujawahi kuwa na haya, uliwafumua nywele na kuwajaza vumbi mdomoni kwa kuwa walishuka wakipiga kelele. Jioni walirudi nyumbani gauni limechakaa nyuma, wakachapwa, na kesho yake wakarudi tena kwenye jiwe. Walikuwa na utani kwamba wakizeeka watakuja kuteleza na mikongojo yao.

Kisha Stumai akaolewa Rungwa na mfuga nyuki, huko mbali kwenye mapori, na Damari akaolewa karibu. Mji ukaja. Kiwanja baada ya kiwanja, ukuta baada ya ukuta. Mahali penye jiwe palibaki wazi kwa sababu moja tu: hakuna aliyejua namna ya kujenga nyumba juu ya jiwe. Palijaa magugu na mifuko ya nailoni, na mbuzi wa watu walilala hapo.

Stumai alirudi akiwa mjane, kuishi kwa mwanawe, nyumba ya nne kutoka kwa Damari. Magoti yalikuwa yamemshinda, anatembea na mkongojo, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Wawili hao waliendelea walipoachia, kana kwamba Rungwa ilikuwa ya juzi.

Ndio waliokwenda pamoja kwenye mkutano wa mtaa, siku mwenyekiti, Bwana Calist, alipouliza watu wanataka ile sehemu ya wazi ifanyweje. Wengi walisema fremu za maduka. Mmoja alitaka stendi ya bajaji. Damari alisimama, na yeye si mtu wa mikutano.

"Maduka tunayo," alisema. "Kila nyumba ina duka dirishani. Mimi ninauliza, watoto wenu wanacheza wapi? Wangu alicheza barabarani, na nyote mlikuja kumwona hospitali. Mlikuja na machungwa. Nawashukuru. Sasa mnataka tusubiri wa nani ili tununue machungwa mengine?"

Stumai akagonga mkongojo chini na kusema, "Na sisi wazee tupewe mahali pa kukaa. Nimechoka kutazama ukuta." Watu wakacheka, na kicheko kile kikalainisha mkutano. Ilichukua muda mrefu, barua zikaenda manispaa na kurudi, mfadhili mmoja akapatikana, lakini hatimaye ikakubalika. Pangekuwa na bustani ndogo ya mtaa, na ndani yake uwanja wa watoto wenye bembea, mtelezo wa chuma, miti na viti.

Damari alifurahi kama aliyepata mtoto uzeeni. Jioni alimweleza Rebeka kila kitakachokuwapo. Rebeka alisikiliza, akauliza, "Kuna geti?" Alipoambiwa lipo, alirudi kwenye daftari lake.

Mafundi walipoanza kazi, Damari alikuwa shambani Mtinko kwa dada yake, wakivuna alizeti. Alirudi baada ya wiki. Asubuhi ya kwanza alikuwa uani anapepeta uwele alipoona moshi mweusi mzito unapanda upande wa jiwe. Moshi wa aina ile mtu wa Singida haulizi ni wa nini. Ni matairi. Watu wanapotaka kulivunja jiwe wanalichoma kwa matairi chakavu hadi lipasuke, kisha wanalipiga nyundo wapate kokoto.

Aliuacha ungo hapo hapo.

Alipofika, alikuta sehemu ya nyuma ya jiwe, pale ambapo wao walipaita kichwani, imeshaliwa. Imebaki nyeusi, imechanika, na vijana wawili wanagonga vipande. Upande wa kutelezea ulikuwa bado mzima, lakini matairi mengine yalikuwa yamepangwa pembeni yake yakisubiri zamu.

Injinia alikuwa kijana aitwaye Frank, mwembamba, kofia ya plastiki kichwani. Alipomwona alisogea kwa adabu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani amewaambia mvunje jiwe?"

"Michoro, bibi. Hapa panakuja bembea nne. Jiwe limekula robo ya uwanja, hatuna pa kuziweka."

"Hili jiwe ndilo uwanja wenyewe," Damari alisema. "Sisi tumekua hapa. Tulikuwa tunateleza kutoka kule juu mpaka hapa."

Frank alilitazama jiwe kwa muda. Hakudharau. "Bibi, ninakuelewa. Hata kwetu Kiomboi tuna mawe kama haya. Lakini mimi ndiye ninayeweka sahihi. Mtoto akianguka kutoka pale juu akavunjika, mama yake atamwuliza nani?"

Damari alikuwa ameona mguu wa Rebeka ulivyokaa siku ile barabarani, umegeuka upande usiokuwa wake. Ni nani wa kumwambia kijana huyu kwamba mfupa wa mtoto si kitu? Aliaga, akarudi polepole. Njiani aliona haya kwa machozi yake. Mwanamke wa miaka sitini na ushei analilia jiwe.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Stumai, akamkuta anachambua mlenda kwenye sinia.

"Wanalivunja," alisema.

Stumai hakuuliza nini. Aliendelea kuchambua. "Wewe uliulilia uwanja, umepewa. Sasa unalilia jiwe?"

"Ndiyo."

"Na huyo kijana anasemaje?"

"Anasema watoto wataumia. Na mimi sina la kumjibu, Stumai, kwa sababu anasema kweli."

Stumai aliweka sinia chini. "Sisi mbona hatukuumia?" aliuliza, na halikuwa swali la ubishi. Alikuwa anauliza kweli. "Tulichubuka, ndiyo. Tulichapwa. Lakini nani alivunjika pale? Unamkumbuka hata mmoja?"

Damari alifikiri. Hakumkumbuka hata mmoja.

"Hilo jiwe watalimalizia lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi kesho asubuhi unipitie," Stumai alisema. "Nataka nilione kabla halijawa kokoto."

Kesho yake walifika jua halijakolea, Damari amemshika Stumai mkono, upepo unazipiga khanga zao. Vijana wa kazi walikuwa wanakunywa chai ya asubuhi kwenye vikombe vya bati. Frank aliwasalimu, wakaitikia, akarudi kwenye karatasi zake. Wanawake wale wawili walisimama mbele ya jiwe. Stumai aliweka kiganja kwenye ule mfereji mwembamba, akakipitisha juu chini.

"Bado laini," alisema. "Laiti ningekuwa na magoti."

Hakuna aliyepanga kilichofuata, hata Damari mwenyewe. Alivua kandambili. Akajifunga khanga vizuri kiunoni, akazunguka nyuma kwenye lile jeraha jeusi, akapanda kwa mikono na miguu. Alipofika juu alikuwa anahema. Kutoka pale aliona mabati ya Mandewa yote, na mbali kidogo ziwa Singidani linameremeta. Alikuwa amesahau kwamba kutoka pale ziwa linaonekana. Utotoni walikuwa wakilitazama kila siku na hawakuwahi kulisema.

"Bibi!" Frank alikuwa ametupa karatasi, anakimbia. "Bibi, shuka! Shuka taratibu, nakuja kukushika!"

"Damari, wewe mwendawazimu!" Stumai alipiga kelele toka chini, lakini uso wake ulikuwa unawaka. "Kaa katikati! Usiegemee kushoto!"

Damari alikaa kwenye mfereji. Ukampokea. Akajisukuma.

Kelele iliyomtoka alikuwa hajaisikia tangu kabla hajaolewa. Haikuwa sauti ya bibi wala ya mama wa watu. Jiwe lilipita chini yake kwa kasi aliyodhani ni ya utoto tu, kwamba ukubwani ingepungua, kumbe iko vile vile. Upepo ukamjaa mdomoni. Ilichukua kitambo kifupi mno. Mara ardhi ikaja, ngumu kama sakafu, akatua vibaya, akatanguliza mkono wa kushoto, na akasikia kitu kimesema tik.

Vijana waliacha vikombe. Frank alifika wa kwanza, akapiga magoti, akaushika ule mkono uliokuwa umeanza kuvimba kwenye kifundo. Aliufunga kwa kitambaa chake, uso umempauka kwa hofu. "Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "hiki ndicho nilichokuwa ninakisema."

"Ni kweli mwanangu," Damari alijibu, machozi yanamtoka, na hakuna aliyeweza kujua kama ni ya maumivu au ya kicheko. "Ni kweli kabisa. Umesema kweli."

Stumai alikuwa amefika kwa mwendo wake wa mkongojo. Hakumtazama mgonjwa. Alikuwa anatazama chini, anagonga ardhi kwa ncha ya mkongojo: ko, ko, ko.

"Hapa palikuwa na mchanga," alisema.

"Mchanga gani?" Frank aliuliza.

"Mchanga. Mwingi, mpaka hapa." Alijionyesha kwenye goti. "Mvua ilikuwa inaushusha kutoka kule juu. Tulikuwa tunatua tunazama. Damari, hukumbuki? Tulikuwa tunautoa masikioni! Watu walipoanza kujenga wakaja na matoroli wakauzoa wote. Ndiyo maana. Ndiyo maana hatukuvunjika."

Frank aliinamisha kichwa. Alikwangua ardhi kwa kiatu, akatazama juu kwenye jiwe, akatazama tena chini. Alisema tu, "Kwanza hospitali," akaita bajaji.

Hospitali walisema mfupa umepata ufa kidogo, wakamfunga hogo. Habari ilifika mtaani kabla yake. Alipoingia getini alimkuta Rebeka amesimama katikati ya ua, macho yamemtoka.

"Bibi, eti uliteleza kwenye jiwe?"

"Niliteleza."

"Kutoka juu kabisa?"

"Juu kabisa."

Rebeka alilitazama hogo kwa macho ya mtu anayeijua kazi hiyo. Akaenda ndani, akaleta mto, akauweka kwenye mkeka. "Mkono uweke hapa juu, usiuning'inize, utavimba. Ukiwashwa usiingize kijiti, mimi niliingiza nikaumia." Alimpangia ule mkono kwa upole, kama nesi, kisha akakaa karibu yake. Baada ya muda aliuliza, "Ulipiga kelele?"

"Nilipiga kelele mpaka mafundi wakamwaga chai."

Mtoto alicheka. Alicheka kutoka tumboni, kichwa amekitupa nyuma, na Damari alibaki ameduwaa, maana kicheko kile alikuwa amezoea kukikosa.

"Ukipona utarudi?"

"Nitarudi."

"Huogopi?"

Damari alitaka kusema haogopi. Akamtazama mtoto usoni, akaona haifai kumdanganya. "Naogopa," alisema. "Naogopa sana. Lakini nitarudi."

Jioni Frank alikuja na Bwana Calist, amebeba kuku mkononi kama mtu aliyekuja kuomba radhi, ingawa hakuwa amekosa. Alikaa kwenye kigoda akaeleza. Alikuwa amezungumza na wakubwa wake. Jiwe lingebaki, upande wa kutelezea. Ile sehemu iliyovunjika nyuma ingejengwa ngazi zenye mahali pa kushika, ili mtu asiparamie. Chini ungemwagwa mchanga, na kuongezwa kila mwaka. Bembea zingekuwa mbili badala ya nne.

"Kuna watakaolalamikia bembea," Bwana Calist alisema.

"Waje kwangu," Damari alijibu. "Niwaonyeshe mkono."

Siku ya kufungua uwanja palikuwa na maturubai, na spika, na hotuba ndefu. Damari na Stumai walikaa kwenye moja ya viti vipya, kando ya mche wa mkrismasi uliokuwa haujafika magotini. Utepe ulipokatwa, watoto walimwagika kama mtama gunia linapochanika, na wote, wote kabisa, walikimbilia bembea na mtelezo wa chuma uliopakwa rangi nyekundu na manjano. Jiwe halikupata hata mteja mmoja.

"Tumevunjika mkono bure," Stumai alinong'ona.

"Nyamaza," Damari alisema, lakini roho ilimwuma. Rebeka alikuwa amekuja, hilo lilikuwa jambo. Alisimama kwenye foleni ya bembea ameshika ukuta mdogo, na zamu yake ilipofika alibembea kidogo sana, miguu haijaacha ardhi. Kisha akarudi kukaa na wazee. Watu walipotawanyika, alishika mkono mzima wa bibi yake mpaka nyumbani.

Walikuja tena kesho yake, na kesho kutwa. Ikawa desturi. Watu wa mtaa, waliokuwa wakipishana miaka yote kila mmoja na geti lake, walianza kukaa pale jioni. Damari alimjua jirani wa ukuta wa pili kwa jina kwa mara ya kwanza, mwanamke wa Kinyiramba, Kristina, na kumbe walikuwa na undugu kwa upande wa mashemeji. Wanaume walikuja na bao lao. Wasichana walichora mistari ya rede chini, mahali ambapo bodaboda haipiti.

Na jiwe? Mafundi walikuwa wameondoka na foleni ya mtelezo wa chuma ilikuwa ndefu, na watoto hawana subira. Kijana mmoja mtundu alipanda ngazi za nyuma, akakaa, akashuka. Alipotua kwenye mchanga alisimama kidogo, kama mtu aliyesikia ameitwa. Kisha akakimbia kurudi juu. Siku ya tatu palikuwa na foleni. Siku zilizofuata walianza kuja na vipande vya madumu yaliyopasuliwa, ya kukalia.

Rebeka alilitazama jiwe wiki mbili nzima. Damari hakumhimiza. Hogo lake lilikuwa limefunguliwa, na aliweza kuukunja mkono, ingawa asubuhi ulikakamaa. Jioni moja upepo ulikuwa mkali, unapeperusha mchanga, na mtoto akainuka kwenye kiti bila kuaga. Akaenda. Damari alimwona kwenye ngazi, anapanda hatua moja, anasimama, anapanda nyingine. Bibi akaanza kuinuka.

Stumai alimshika khanga. "Mwache."

"Mguu wake..."

"Mwache, Damari. Kaa."

Akakaa. Kule juu Rebeka alikuwa amesimama, gauni linapigwa na upepo, anatazama mbali kuelekea ziwa. Watoto nyuma yake walikuwa wanamhimiza. Akakaa kwenye mfereji. Akashuka, amefumba macho, mdomo wazi, na kelele yake ikafika kwenye viti ikawafanya wanaume wa bao wageuze vichwa.

Alitua kwenye mchanga, akazama mpaka vifundoni. Damari alikuwa tayari amenyoosha mikono yote miwili, anasubiri akimbiliwe. Lakini mtoto hakugeuka kumtazama. Alijipangusa nyuma kwa haraka, akamsukuma mwenzake aliyekuwa anamzibia njia, na akakimbia kurudi kwenye ngazi.

Damari alirudisha mikono mapajani. Jua lilikuwa linazama, na bado mapema kidogo kuita watoto nyumbani.